Jina la bibi yangu limeshikwa na mtu nisiyemjua

Kaka Mshauri, salaam.

Nakuandikia kutoka Tanga, Ngamiani. Mimi ni mtengenezaji wa viungo na achari: bizari, masala ya pilau, pilipili ya kukaanga, achari ya embe na ya ndimu. Nilianza mwaka 2014 na sufuria mbili jikoni kwangu. Leo tuko akina mama watano, na mzigo unafika Dar, Arusha, Unguja na hata Muscat, ambako wapo watu wetu wengi wa pwani na hawawezi kula pilau bila masala ya nyumbani.

Biashara inaitwa kwa jina la utani la marehemu bibi yangu mzaa mama, likifuatiwa na neno moja la jikoni. Naomba usilitaje. Bibi alipewa jina hilo na watoto wa mtaa kwa jinsi alivyokuwa akiwaita waje kulamba mwiko, na sijawahi kusikia mtu mwingine anayeitwa hivyo. BRELA, ofisi ya serikali inayosajili biashara, nilisajili jina la biashara mwaka 2016.

Mwaka 2017 mtoto wa shemeji yangu, wakati huo akisomea kompyuta chuoni, alinitengenezea tovuti. Nilimpa shilingi laki tatu na nusu. Ile anwani ya dot com aliisajili yeye, kwa barua pepe yake na kadi yake, na kila mwaka nilimtumia hela ya kuilipia kwa simu. Mwaka jana alipata kazi Dodoma. Hela nilimtumia kama kawaida. Hakulipia. Anasema taarifa zote zilikwenda kwenye barua pepe ya zamani ambayo haifungui tena.

Nilijuaje? Mteja wangu wa Muscat alinitumia picha ya simu yake saa tano usiku na maneno haya: "Dada, siku hizi mmefungua kamari?" Alikuwa ameandika anwani iliyo kwenye kifuniko cha chupa ya achari. Juu kabisa jina la bibi yangu, chini yake matangazo ya kubeti, na mwisho kabisa maandishi madogo ya Kiingereza kwamba jina hili linauzwa. Nilikaa chini pale pale sakafuni. Bibi yangu alikuwa mtu wa swala tano.

Hapo ndipo nikaelewa kwa nini tangu mwezi wa pili sijapata oda hata moja ya jumla kwa barua pepe. Oda hizo zilikuwa zinakuja kwa anwani hiyo hiyo.

Niliandika kwenye ile fomu yao, nikaeleza kila kitu, kwamba ni jina la bibi, kwamba ninalihitaji sana. Jibu lilikuja ndani ya saa moja: dola 2,400. Mwandishi hakutaja jina wala nchi. Akasema baada ya siku saba bei itakuwa dola 3,500.

Hiyo ni milioni sita na ushee. Nimeweka akiba ya karibu kiasi hicho kwa ajili ya mashine ya kusagia. Mume wangu anasema tulipe yaishe, mashine itasubiri. Shemeji yangu hazungumzi nami tangu nilipomwambia mwanawe "umeniuza". Na stoo nina vibandiko karibu elfu mbili, vyote vina anwani ile.

Nilipe? Kuna sheria yoyote? Na hivi inawezekanaje jina la bibi yangu linunuliwe na mtu ambaye hajawahi kuonja hata achari yake?

Mama Achari, Tanga

*

Dada yangu Mama Achari, pole sana. Najua uchungu wa kuona jina la marehemu likiwa kichwa cha tangazo la kamari, na sitakuambia kwamba ni mambo ya mtandao tu.

Usilipe. Nitakueleza sababu, lakini kuna kazi ya kufanya leo, kabla hujalala.

Anayeshika kikoa, yaani ile anwani ya dot com, anashika na barua pepe zake. Kila ujumbe unaotumwa kwa ile anwani yako ya oda sasa unaweza kuingia mikononi mwa mtu huyo akitaka. Kwa hiyo kaa na simu yako, fungua akaunti moja moja: Instagram, Facebook, WhatsApp ya biashara, benki, akaunti za wasafirishaji, popote ulipowahi kuandika barua pepe ile. Ibadilishe, weka ya Gmail au nyingine isiyotegemea kikoa chako. Ukiiacha, siku moja mtu huyo atabonyeza "nimesahau nenosiri", kiungo kitakwenda kwake, na Instagram yako yenye wateja wa miaka yote itafuata njia ya tovuti. Kisha watumie wateja wako wa jumla ujumbe mmoja wa sauti, kwa sauti yako mwenyewe wanayoijua, uwaambie wasitume oda wala malipo kwa maelekezo yoyote yanayotoka kwenye anwani ya zamani. Hili ni kubwa kuliko tovuti yenyewe.

Ukishamaliza, rudi tuzungumze.

Umeuliza inawezekanaje. Mfumo wa majina haya ulijengwa juu ya kanuni moja nyepesi: anayewahi ndiye anayepata. Jina la kwanza la dot com, symbolics.com, lilisajiliwa tarehe 15 Machi 1985. Mpaka mwaka 1995 kusajili hakukuwa na malipo. Leo majina ya dot com yamepita milioni 150. Ukichukua herufi tatu tatu za alfabeti, kuna mipangilio 17,576, na yote ina wenyewe. Ya herufi nne ni 456,976, nayo yamekwisha. Majina mafupi na mazuri yamegeuka viwanja vya mjini: wengi walionavyo hawajengi, wanangoja mwenye shida apite.

Lakini jina lako halikuwa kiwanja kitupu. Lilikuwa nyumba yenye taa. Na hapa nataka uelewe vizuri jinsi lilivyokutoka, maana ndimo ulimo ushahidi wako.

Kikoa cha dot com kisipolipiwa hakipotei siku hiyo hiyo. Kwa kawaida msajili, yaani kampuni inayosajili majina hayo, humpa mwenyewe muda wa kulipa, unaoweza kufika siku 45. Baada ya hapo huja siku 30 ambazo bado kinaweza kukombolewa, ila kwa faini ya kuumiza. Kisha siku 5 za mwisho ambazo hakuna awezaye kukigusa, halafu kinafutwa. Kinapofutwa, kompyuta za watu wenye kazi ya kunyakua majina zinakuwa macho, na jina zuri huchukuliwa kwa sekunde chache. Wasajili wengi hawangoji hata kufika huko, hulipiga jina mnada likiwa bado kwenye hesabu zao. Kwa hiyo kijana wako alikuwa na wiki kadhaa za kuliokoa, na barua zote zikawa zinaingia kwenye sanduku lisilofunguliwa na mtu. Mimi mwenyewe nilipoteza kikoa mwaka 2014 kwa sababu kadi ya benki ilikwisha muda wake, kwa hiyo simwiti huyo kijana mwizi. Alizembea, na uzembe wake umekugharimu.

Ila sasa hivi yeye ndiye shahidi wako mkubwa. Risiti za msajili tangu 2017 ziko kwake. Barua za kukumbusha malipo ziko kwake, hata kama hakuzisoma. Mafaili ya tovuti ya zamani pengine bado anayo kwenye kompyuta. Nenda kwa shemeji yako, dada, kabla hujaenda kwa mwanasheria yeyote. Neno "umeniuza" ni zito kwa mtoto aliyekujengea tovuti akiwa mwanafunzi. Lirudishe mbele ya mama yake, kisha umwombe kijana akafungue ile barua pepe ya zamani na kukutumia kila kitu. Atakapofanya hivyo atakuwa amekulipa zaidi ya hela uliyomtumia.

Ushahidi mwingine utafute mwenyewe. Fungua lookup.icann.org, andika jina lako, utazame tarehe ya kusajiliwa. Jina la mwenyewe pengine hutaliona, kwani tangu mwaka 2018 majina ya wamiliki wengi yamefichwa, lakini tarehe zipo. Ukikuta imeandikwa mwaka huu au mwishoni mwa mwaka jana, maana yake kikoa kilifutwa kikasajiliwa upya. Ukikuta bado inasema 2017, usidhani kwamba mtu huyu analo tangu 2017, huenda alilipata mnadani na tarehe ya zamani ikabaki. Katika mashauri ya namna hii inayotazamwa ni siku jina lilipofika mkononi mwake. Kisha nenda Internet Archive, kwenye ile huduma yao ya Wayback Machine inayohifadhi nakala za kurasa za zamani. Andika anwani yako. Kuna uwezekano mzuri utakuta ukurasa wako wa 2018 au 2020 na chupa zako zimepangwa. Piga picha kila ukurasa, na upige picha ya matangazo ya kamari na ya barua ya dola 2,400 kabla hayajabadilishwa.

Sasa sheria. Ipo. Tangu mwaka 1999 ICANN, chombo kinachosimamia mfumo wa majina ya intaneti, kina utaratibu wa kutatua migogoro hii unaoitwa UDRP, na kila anayesajili dot com anakubali kuufuata. Shauri linapelekwa kwa taasisi zilizoidhinishwa. Inayojulikana zaidi ni WIPO ya Geneva, shirika la Umoja wa Mataifa la miliki bunifu. Husafiri, husimami kizimbani, yote ni maandishi. Unatakiwa uthibitishe mambo matatu kwa pamoja: kwamba jina linafanana na alama ya biashara (jina au nembo inayotambulisha bidhaa zako sokoni) ambayo una haki nayo, kwamba aliyelishika hana haki wala sababu halali ya kuwa nalo, na kwamba alilisajili na analitumia kwa nia mbaya. Kusajili jina kwa lengo la kumwuzia mwenye alama kwa bei inayozidi gharama zake kumetajwa waziwazi kuwa dalili ya nia mbaya. Kuvuta wateja wa mwingine kwa kuwachanganya nako kumetajwa.

Ninavyoona, jambo la pili na la tatu unayo. Mtu ambaye hajawahi kusikia jina la utani la bibi mmoja wa Tanga hawezi kueleza alilitakia nini. La kwanza ndilo lenye kazi, kwa sababu usajili wako wa BRELA ni wa jina la biashara, na hiyo si alama ya biashara. Watu wengi huvichanganya viwili hivi. Alama isiyosajiliwa inakubalika pia, lakini lazima uonyeshe kwamba wateja wanaitambua kuwa yako: mauzo ya miaka, chupa, Instagram, oda za Muscat, risiti.

Gharama yake ni dola 1,500 kwa WIPO, shauri likisikilizwa na mwamuzi mmoja, bado hujamlipa wa kukuandikia. Ukishinda unapewa jina tu. Fidia hakuna, na ada yako hairudi. Ndiyo maana sikuambii ukimbilie huko wiki hii, ingawa nataka ujue mlango upo, na huyo aliyeshika jina lako anajua upo.

Visa vya mwanzo vya biashara hii ya kukalia majina vilifika mahakamani Marekani. Mwaka 1995 kampuni ya kamera za sinema, Panavision, ilitaka kusajili panavision.com ikakuta limeshachukuliwa na bwana mmoja, Dennis Toeppen. Ukurasa wake ulikuwa na picha za mji mdogo wa Pana, Illinois, zilizopigwa kutoka angani. Akataka dola 13,000. Kampuni ilipokataa, akasajili na jina la bidhaa yao nyingine. Mwaka 1998 mahakama ya rufaa ilimkatalia: picha za mji hazikuficha kwamba kazi yake ilikuwa kukalia majina ya watu ili wamlipe. Ukisoma kisa hicho utamwona mtu wako wa kamari ndani yake.

Hata hivyo si kila aliyeshika jina unalolitaka ni mvamizi. Uzi Nissan wa North Carolina alisajili nissan.com mwaka 1994 kwa biashara yake ya kompyuta. Nissan lilikuwa jina la ukoo wake. Kampuni ya magari ilimshtaki mwaka 1999, wakaburutana kwa miaka mingi, na kikoa kikabaki kwake mpaka alipofariki mwaka 2020. Nakutajia hili kwa sababu wasomaji wengine huniandikia wakilia kwamba "wameibiwa" neno kama tamu au baraka au pwani. Hilo halikuibwa. Neno la kila mtu, aliyewahi ni halali yake. Lako ni tofauti, kwa kuwa neno lako kabla ya bibi yako halikuwepo.

Twende kwenye bei, kwa sababu hapa ndipo ninapotaka unisikilize kuliko mahali pengine pote. Dola 2,400 zimetoka wapi? Kulishikilia jina hilo kwa mwaka ni kama dola 10 hadi 15. Yeye haijui achari yako. Anachokiona ni hesabu: kwamba kila siku watu kadhaa wanaandika anwani hiyo, wengine kutoka Tanzania, wengine kutoka Oman. Wanatoka wapi watu hao? Kwenye vifuniko vyako. Kwenye maelezo ya Instagram yako ambayo nadhani bado yana kiungo kile. Kisha ukamwandikia barua ndefu ukamwambia ni jina la bibi na unalihitaji sana. Bei hiyo inapandishwa na vibandiko vyako, dada yangu, na inaweza kushushwa na mikono hiyo hiyo.

Kwa hiyo usimjibu. Siku saba zipite. Atapandisha kama alivyosema, na pengine baada ya muda atakuandikia mwenyewe. Watu wa kazi hii hushika majina mengi, na jina lisiloingiza kitu ni gharama inayorudi kila mwaka. Wageni wakikauka atabaki ameshika jina la bibi wa Tanga ambalo hakuna mwingine ulimwenguni wa kulinunua isipokuwa wewe, na wewe umenyamaza. Baada ya miezi kadhaa mwandikie mistari minne, bila hadithi: jina hili nimelitumia tangu 2014, ushahidi ninao, njia ya UDRP ninaifahamu, nipo tayari kurudisha gharama za usajili. Mimi nisingevuka dola 150. Na akikubali, hela isipite mkono kwa mkono. Pitisha kwenye huduma ya eskro, mtu wa kati anayeshika fedha mpaka kikoa kionekane kwenye akaunti yako. Kuna waliotuma hela wakabaki bila hela na bila jina.

Wakati huo huo, wiki hii, sajili jina hilo hilo kwa .co.tz. Vikoa vya .tz mdhibiti wake ni TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, mawakala wake wako hapa hapa nchini, unawapigia simu kwa Kiswahili. Akaunti iwe kwa jina lako, namba yako, na barua pepe yako ya Gmail, kwa maana ile iliyo ndani ya kikoa chenyewe ikizimika huwezi kuingia kukilipia. Kijana akusaidie kuijenga tovuti, apewe nafasi ya fundi. Hati ya nyumba ikae kwa mwenye nyumba. Lipia miaka kadhaa kwa mpigo kama wakala anaruhusu, na uandike tarehe ya mwisho pale unapoandika ada za watoto. Usishangae baadaye ukipokea barua kutoka "msajili" wa China anayedai kuna kampuni huko inataka kusajili jina lako na unatakiwa ujibu haraka. Ni mtego wa zamani, futa.

Sehemu ya ile akiba, si yote, ipeleke BRELA ukasajili alama ya biashara. Usajili wa alama hupanga bidhaa kwa madaraja, na zako zinaingia daraja la 29 au la 30 kutegemea bidhaa: masala, bizari na pilipili ya unga ni la 30, achari ya mboga na matunda iliyosindikwa kwa kawaida ni la 29. Muulize ofisa akuthibitishie. Kwa kuwa unauza Unguja pia, ujue usajili wa Bara hauvuki maji. Zanzibar wana ofisi yao. Ukishakuwa na cheti cha alama, lile jambo la kwanza la UDRP linakuwa jepesi, na siku ukiamua kupigania dot com utaingia ukiwa na silaha. Mashine ya kusagia nunua. Mume wako ana nia njema, ila akina mama watano wanaosaga kwa mikono wanahitaji mashine kuliko wewe unavyohitaji herufi tatu baada ya nukta.

Vile vibandiko elfu mbili usivitupe. Stationery yoyote ya mjini itakuchapishia vipande vidogo vyembamba, upana wa kidole kimoja, vyenye anwani mpya na namba ya WhatsApp. Bandika juu ya ile anwani ya zamani, chupa kwa chupa, kabla mzigo haujatoka. Wa kwanza uwe wa yule mteja wa Muscat, na leo hii mjibu swali lake, maana bado anangoja kusikia kama kweli mmefungua kamari.